Bertila Wilibrodi, Mkandaji wa Mabega wa Msanzi (1931–1998)

Baba Paroko, wazee, ndugu na majirani mliotoka Matai na Sumbawanga, mama yetu Bertila alizaliwa hapa Msanzi tarehe 14 Septemba 1931, mtoto wa pili wa Mzee Wilibrodi na Mama Dominika. Alisoma kwa masista miaka mitatu, 1940 hadi 1943, kisha akaachishwa ili amsaidie bibi yake kulima ulezi. Kusoma alijua. Miwani ndiyo iliyomshinda uzeeni, maana aliisahau kila nyumba aliyoingia.

Bibi huyo ndiye aliyemfundisha kukanda. Mtu akitegua bega kwa jembe au kwa kuanguka, aliletwa kwao. Mama alikuwa na utaratibu mmoja: alianza na bega lisilouma. Alilipapasa mpaka mgonjwa akalalamika, "Mama, ni hili lingine!" Naye alijibu, "Najua. Kwanza nijue ulivyozaliwa." Kwa vidole vyake alitambua kwamba kano, ile mishipa migumu inayofunga nyama kwenye mfupa, hazifanani kwa watu wote. Ile ya mbele ya bega kwa wengi ni moja, kwa wengine ziko mbili sambamba, na wapo wasiokuwa nayo kabisa na wanalima kama kawaida. Siku moja kanisani, wakati wa kupeana amani, alimshika begani padri mgeni akamwambia ana kano mbili. Padri akauliza kama ni dhambi. "Hapana, Baba, ni neema ya ziada." Kanisa zima lilicheka.

Tarehe 6 Juni 1953 alifunga ndoa na baba yetu Modesti, seremala, aliyefariki mwaka 1979. Walijaliwa watoto wawili, kaka Isdori na mimi Otilia ninayesoma. Mwaka 1957 dada yake, Hellena, alifariki siku tatu baada ya kujifungua. Mama alikuwa bado ananyonyesha Isdori, akampa mtoto yule ziwa la pili. Huyo ndiye Flavian. Alipohitimu udaktari, mama alizunguka nyumba kwa nyumba akitangaza, hata kwa waliokwisha kusikia.

Serikali iliporuhusu tena madaktari kufungua kliniki zao, Flavian alifungua yake Sumbawanga mwaka 1992. Ukutani alitundika mchoro wa bega. Mama aliutazama, akasema, "Mwanangu, huyu mliyemchora ni mtu mmoja tu." Flavian alicheka. Lakini kila Jumanne alimwita mama akae chumba cha nyuma, awapapase wagonjwa mabega, kisha yeye akawaeleza ugonjwa wao kwa maneno ya kitabuni. Sifa zilikwenda kwake, na mama hakuona ubaya. Mtoto alikuwa wake.

Jumanne, tarehe 9 Agosti 1994, aliletwa Mzee Mboje, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga. Dume la ng'ombe lilikuwa limemvuta kwa kamba, bega la kulia likavimba. Mama alishika la kushoto, kisha la kulia. Nilikuwa nimemsindikiza, nikamsikia kwa masikio yangu: "Flavian, usimpasue. Kano zake ni mbili, huku na huku, na hazijachanika. Mfunge mkono apumzike." Kesho yake Flavian alimpasua. Alipokuta mbili akadhani ni moja iliyochanika, akakata, akashona. La kushoto hakuligusa ili alinganishe. Mkono wa kulia haujapanda juu ya kifua tangu siku hiyo.

Ndugu zake Mboje walipouliza, Flavian aliwaambia kuna bibi wa Msanzi alimkanda akamharibu kabla hajafika kliniki. Mama akaitwa ofisi ya kijiji. Flavian alikuwa ameketi kando ya mtendaji, macho chini.

"Mama, ulimkanda huyu mtu?" mtendaji aliuliza.

"Nilimshika tu."

"Kwa hiyo daktari anasema uongo?"

Mama alimtazama Flavian. "Daktari ndiye aliyesoma," akasema. Akapigwa marufuku kumgusa mgonjwa yeyote.

Njiani nilimwambia narudi kusema nilichosikia. Akanishika mkono. "Watamfunga, Otilia. Huyu nimemnyonyesha." Nikatii, na nilikosea kutii. Kwa karibu miaka minne majirani walipita mlangoni kwetu wakiwa wameshika mabega yao, wakaenda mjini. Watoto walimwita mvunja mabega. Flavian hakukanyaga nyumbani hata Krismasi moja. Ametusaliti, na sitalificha neno hilo kwa kuwa tuko msibani.

Februari mwaka huu mama alianza kuumwa tumbo. Alilazwa mara mbili, akaomba arudishwe nyumbani. Wiki ya mwisho alimwulizia Flavian kila siku. Tulimtumia taarifa, akajibu kwamba ana wagonjwa wengi. Mama alifariki Jumatano, tarehe 20 Mei 1998, saa nne asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Ameacha watoto watatu, Isdori, Otilia na Flavian, wajukuu tisa na vitukuu wawili. Kaka Isdori alitaka jina la tatu lifutwe. Nimeliacha, kwa sababu mama mwenyewe asingelifuta.

Mzee Mboje tulimwita sisi. Ameketi hapa mbele, karibu na jeneza, na haya ameyasikia leo kwa mara ya kwanza. Flavian amesimama kule nyuma, karibu na gari lake. Baba Paroko ametupa nafasi ya msemaji mmoja kabla ya kaburi kufukiwa, nasi nafasi hiyo tumempa Flavian. Aseme asiseme, Bwana ampokee mama yetu na kumpumzisha kwa amani.