Babu Sabiti, Dereva Aliyeijenga Njia Yetu kwa Vitofali

Ndugu Sabiti Abdulshakur, ambaye hapa shuleni hakuna anayemwita hivyo isipokuwa mhasibu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 5 Disemba, baada ya kuendesha basi la shule yetu kwa miaka ishirini na moja. Sisi tunamwita Babu Sabiti. Alianza kazi akiitwa Mjomba. Ubabu umemkuta kwenye usukani.

Wasifu kama huu huandikwa na mfanyakazi mwenzake, lakini dereva mwenzake ni mmoja tu na bado ni mgeni. Mwalimu Melania, anayesimamia sherehe, akaniita. "Paskalina, wewe umepanda gari lake tangu chekechea. Utasema." Nikamwambia kusema mbele ya watu siwezi. Akasema, "Basi andika, tutachapa kwenye kijitabu." Kwa hiyo naandika, na wanaonijua wanajua kwamba hii ndiyo hotuba yangu ndefu kuliko zote.

Babu Sabiti ni mzaliwa wa Biharamulo. Ujana wake aliumalizia kwenye malori ya pamba huko Shinyanga, kisha akahamia Buseresere kwa sababu mkewe, Mama Mwaisha, alikuwa na biashara yake hapa na hakuwa na mpango wa kuiacha. Shule iliponunua basi lake la kwanza, yeye ndiye aliyekabidhiwa funguo. Wakubwa wanasema honi ya basi lile ilikuwa inalia yenyewe kila likikata kona ya kushoto, na Babu alikuwa akiwapungia mkono wapita njia kana kwamba ndivyo alivyokusudia. Mabasi yamebadilika, njia ni ile ile: barabara ya Biharamulo, kisha kuchepuka vumbini kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, kupita mnadani, na kurudi shuleni.

Sasa vitofali. Aliyevileta ni Mama Mwaisha, tena bila kujua anachojitafutia. Siku moja alifungua robota la mitumba ya watoto aliyonunua Katoro, akakuta ndani mfuko wa vitofali vya plastiki vya kuchezea, vile vyenye vinundu juu vinavyobanana, rangi zote zimechanganyika. Akampa binti yao. Mwaisha alicheza, akakua, akaolewa Kahama. Baba yake hakuacha.

Mama Mwaisha akija kwenye mahafali hutusimulia. "Wenzake wakitoka kazini wanakwenda kwenye bao. Huyu anakaa chini, ananiuliza, Mama Mwaisha, hujakaona kale keupe kenye vinundu viwili? Nakaona wapi mimi? Nakaona nikikakanyaga!"

Lakini ukimwuliza vizuri, Mama Mwaisha huyo huyo ndiye anayekuonyesha kazi za mumewe. Babu aliwahi kujenga mnada mzima, ng'ombe wa kahawia na mnunuzi mmoja mwenye tumbo. Alijenga karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, lenye gurudumu lililozungushwa na mpira wa manati. Na daraja la Busisi, lile la kuvuka ziwa, alilimaliza kabla ya wahandisi. La kwake lilivuka karai la kufulia, likabeba tofali la kuchoma bila kutikisika, likadumu mpaka Mama Mwaisha alipolitaka karai lake.

Mimi nilivijua vitofali hivyo siku yangu ya kwanza shuleni. Nilikuwa najua Kisukuma tu. Darasani Kiingereza, uwanjani Kiswahili, na mimi katikati nimefunga mdomo. Jioni watoto wote walishuka, nikabaki peke yangu kwenye gari. Babu akaniuliza ninashukia wapi. Kimya. Akajaribu Kisukuma, na Kisukuma chake mpaka leo kina mama wa sokoni wanakiomba kama burudani. Nikazidi kunyamaza. Basi akasimamisha gari, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akafungua kopo lake la vitofali na kuanza kujenga. Akajenga nyumba, nikatikisa kichwa. Akajenga mti, nikatikisa kichwa. Mwisho nikavuta vitofali mwenyewe, nikasimamisha miguu minne, nikaweka juu yake kimoja kikubwa cha bluu.

"Kwenye tenki la maji!" Babu akapiga makofi. "Sasa mbona hukusema?" Halafu akajicheka mwenyewe, maana nilikuwa nimeshasema.

Siku ile ndipo ulipozaliwa ubao wa vituo, ambao nyote mliopanda gari letu mnaujua. Ni ubao mpana uliofungwa nyuma ya kiti cha dereva, na juu yake njia yetu yote imejengwa kwa vitofali: tenki la maji, msikiti, mnada, karasha, na basi lenyewe katikati. Kila mtoto ana kitofali chake kimoja. Ukipanda unakibandika kwenye basi, ukishuka unakihamishia kwenye kituo chako. Babu halizimi gari jioni kabla ya kuutazama ule ubao. Kitofali kikibaki kwenye basi, ujue kuna mtoto amebaki.

Kuna jioni kilibaki cha Abel. Babu alipekua kila kiti, akainama chini, akatoka jasho, akarudi njia nzima mpaka kwa kina Abel, akamkuta mwenyewe anakula ugali. Abel alikuwa ameshuka akakisahau kitofali chake. Babu hakumgombeza. Alikaa kwenye kigoda, akaomba maji, akasema, "Abel, leo umenizeesha." Ni kweli mara nyingine kilibaki cha Abel tena, Babu akapekua tena, na safari ile alikuwemo, amelala chini ya kiti cha nyuma kama paka. Kwa hiyo nawaomba wanaosema ule ubao ni mchezo wamwulize mama yake Abel.

Mvua ya mwaka juzi iliponasa gari letu kwenye tope, wadogo walianza kulia mmoja mmoja, na mnajua kilio cha kwenye gari kinavyoambukiza. Babu akamwaga kopo sakafuni, akatangaza kwamba tunahitaji helikopta. Trekta lilipofika kutuvuta, watoto walikataa kushuka. Mkia wa helikopta ulikuwa bado.

Sasa nifike kwenye jambo la wiki hizi za mwisho, kwa sababu bila hilo nitakuwa nimeandika nusu.

Kwenye kituo cha Karasha anapanda Asteria, mtoto wa chekechea, anayelelewa na bibi yake, Bibi Martina. Asteria haongei na mtu. Anapanda, anabandika kitofali chake cha njano, anakaa nyuma ya Babu. Iliposikika kwamba Babu anastaafu, na dereva mpya, Kaka Fredy, akaanza kuja kujifunza njia, Asteria aligoma kupanda. Kaka Fredy ametoka kwenye matipa, malori ya kumwaga mawe, ana sauti ya kuongea na mtu aliye ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza alifungua mlango akaita, "Haya watoto, pandeni, pandeni twende zetu!" Asteria akaishika suruali ya Babu, ikawa ndiyo hivyo kila asubuhi. Babu akiwemo, anapanda. Babu akisogea pembeni, haendi.

Bibi Martina alimwambia Babu waziwazi. "Sabiti, wewe ukiondoka huyu mtoto atakaa nyumbani mpaka akue. Kumleta shuleni siwezi. Miguu hii hainifikishi hata bombani."

Babu alipungua uchangamfu. Alikuwa anaendesha bila kuimba. Na mimi, niseme ukweli kwa vile naandika na sitazamwi, nilikuwa naomba kimoyomoyo Asteria agome mpaka mwisho, ili uongozi umbakize Babu. Nilijua kwamba simtakii mtoto mema. Niliendelea kuomba.

Jumamosi moja Kaka Fredy aliliosha gari, kwa nia nzuri kabisa. Akaufungua ule ubao, akaukung'uta vumbi kama mtu anayekung'uta mkeka. Njia yetu yote ikamwagika. Aliogopa kusema. Akaokota kila kitofali, akaenda navyo kwake, na Jumapili yote akaijenga upya. Jumatatu asubuhi tulipanda bila ubao; mchana tulipoingia kwenye gari tukaukuta umerudi, umepangika vizuri, na hatuelewi kitu.

"Hii nini?" Abel akauliza.

"Mizani ya malori," Kaka Fredy akasema.

"Na hii?"

"Sheli, pale pa kujazia mafuta."

"Na hiki kirefu?"

"Kwa Mama Chacha, pale wanapouza supu."

"Sasa sisi tunashukia wapi? Kwenye supu?"

Gari zima likalipuka kwa kicheko. Kaka Fredy akajikuna kisogo. "Jamani, mimi njia ninayoijua ndiyo hiyo," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Tipa halishushi watoto."

Tulimgeukia Babu atuokoe. Babu alishuka. Akasema anakwenda kutazama tairi.

Hapo ndipo Asteria alipoinuka. Akaenda mpaka kwenye ubao, akaweka kidole palipo na mizani, akasema, "Karasha halipo." Wengine tulikuwa hatujawahi kuisikia sauti yake.

Kaka Fredy akachuchumaa, mtu mzima yule, magoti yakagusa viti vya pande zote mbili. "Liko wapi, mama? Nionyeshe."

Asteria aling'oa mizani, akaanza kujenga. Kaka Fredy akawa anampa vitofali kwa vile vidole vyake vinene. "Hiki?" Mtoto anatikisa kichwa. "Hiki?" Anatikisa. "Basi hiki, nimepatia?" Mtoto akaitikia kwa kichwa, akakipokea. Abel naye akasogea na msikiti wake, kila mtu akataka kituo chake kiwe cha kwanza, na siku ile tulichelewa kufika majumbani.

Mimi nilikuwa dirishani, namtazama Babu. Tairi lile halikuwa na tatizo lolote. Alisimama mbele yake, mikono nyuma, mkono mmoja umeukamata mwingine kama mtoto anayetaka kutoroka. Angeweza kuipanga ile njia yote kwa muda wa kunywa chai. Hakuingia mpaka tulipomaliza.

Jumatatu iliyofuata hakupanda gari kabisa. Alitangulia Karasha kwa bodaboda, akasimama kando ya barabara na Bibi Martina, mbele ya nyumba ya bibi huyo. Kaka Fredy akaja na sisi. Akafungua mlango na safari hii hakuita. Alinyoosha tu kiganja, na kitofali cha njano kikiwa juu yake. Asteria akamtazama Babu. Babu akasema, "Mwangaluka, Asteria," salamu ya asubuhi kwa Kisukuma chake kile, kisha hakusogea. Asteria akauachia mkono wa bibi yake. Akapanda, akakichukua kitofali, akakibandika. Mlango ukafungwa, na gari lilipoondoka hakutazama nje. Alikuwa anamwonyesha Kaka Fredy kwamba ng'ombe mmoja wa mnadani, kwenye ubao, amekaa vibaya.

Kupitia dirishani nilimsikia Bibi Martina akicheka. "Sabiti, umeachwa!"

"Nimeachwa, dada," Babu akasema. Akacheka naye, halafu akavua kofia, akajifutia uso.

Mchana nilimkuta amekaa peke yake kwenye benchi la mlinzi. Nilimsalimia, shikamoo, marahaba, nikakaa. Tumekaa hivyo miaka mingi. Mwisho akasema, "Nilijua nitafurahi, Paskalina. Sikujua kama furaha yenyewe itauma."

Sikujibu siku ile. Babu, najibu hapa.

Iliuma kwa sababu uliifanya kazi mpaka mwisho wake. Ungeweza kuingia na kuupanga ule ubao, Asteria angeendelea kushika suruali yako, sote tungelia Ijumaa, na wewe ungeondoka ukijua kwamba hatuwezi bila wewe. Ungependwa sana. Ila yeye angekaa nyumbani. Ukachagua kutazama tairi. Nimekujua tangu nikiwa na umri wa Asteria, na sijakuona ukijenga kitu kigumu kuliko kile.

Kwa niaba ya wanafunzi, na wale waliokwisha kuwa wakubwa na sasa wanawaleta watoto wao kituoni, tunakushukuru kwa kila asubuhi. Tunamshukuru na Mama Mwaisha aliyetuazima mume. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe usingizi wa kuvuka alfajiri bila kengele ya saa, akupe wajukuu wengi wa kukaa nao chini sakafuni. Mvua zikianza kunyesha usihangaike dirishani ukiwaza barabara.

Pumzika, Babu. Tutafika.

Paskalina Nkwabi
Kidato cha Tatu