Kicheko cha Gunvor Katika Wimbo wa Tano

GUNVOR: Haloo, haloo! Nani mwenzangu?

TUVA: Mama, wewe ndiye uliyepiga. Ni mimi, Tuva.

GUNVOR: Tuva yupi?

TUVA: Kwani umezaa wangapi?

GUNVOR: Mmoja, na alinitosha. Habari za Göteborg?

TUVA: Nzuri. Za huko Vilhelmina?

GUNVOR: Theluji. Sikiliza. Niko jikoni asubuhi namenya viazi, redio inasema albamu mpya ya Tuva Lidström imetoka leo. Nikasema haya, tumsikie binti yangu anavyoimba na majokofu yake mabovu.

TUVA: Ni vinanda vya umeme, Mama. Ndivyo vinavyo—

GUNVOR: Usinikatize! Wimbo wa tano. Kuna kinanda kinakwaruza chini kule, kama paka aliyekanyagwa mkia.

TUVA: [anakohoa]

GUNVOR: Tuva?

TUVA: Mtandao huu... unakata-kata—

GUNVOR: Mtandao mzima, labda ulimi wako ndio umekatika. Kile ni kinanda cha marehemu baba yako.

TUVA: ...Ndiyo.

GUNVOR: Kilichoibwa stoo kwangu mwezi wa tatu, nimelazwa natengenezwa nyonga!

TUVA: Hakikuibwa. Nilikichukua. Ningekuomba, ungesema—

GUNVOR: Ningesema hapana!

TUVA: Ndiyo maana sikuomba.

GUNVOR: Mwizi mkubwa wewe! Unajua niliita polisi?

TUVA: Polisi?!

GUNVOR: Nikawaambia ni Rolf, huyu jirani. Maana alikuwa anakisifu mno. Wamemhoji mara mbili! Miezi minane simsalimii. Juzi kaja kuniondolea theluji mlangoni, nikamshushia pazia.

TUVA: [anacheka] Maskini Rolf!

GUNVOR: Cheka tu. Nitamwambia nini mie?

TUVA: Mwambie mwizi ni binti yako.

GUNVOR: Hatashangaa. [mkwaruzo] ...na vinanda vipya unavyo chungu nzima, cha baba yako ulikitakia nini?

TUVA: Mwaka mzima nilirekodi kwa hivyo vipya. Nyimbo zinang'aa kama bati jipya, ndani hamna mtu. Nikazifuta zote kumi. Kampuni ikaniona kichaa. Nilipokiwasha cha Baba kikanguruma, fundi wangu akataka kukitengeneza. Nikamwambia ukikigusa nakuvunja vidole.

GUNVOR: Hapo umesema kama mimi.

TUVA: Na ndani ya sanduku la kinanda mlikuwa na kaseti aliyorekodi Baba.

GUNVOR: [anavuta kiti, anaketi]

TUVA: Mama, upo?

GUNVOR: Nipo. Kwa hiyo yule mwanamke anayecheka kwenye kiitikio...

TUVA: Ni wewe.

GUNVOR: Nikadhani ni malaya fulani wa huko mjini.

TUVA: Mama!

GUNVOR: Si kicheko hicho, hakina haya!

TUVA: Baba anahesabu ili aanze kupiga. Moja, mbili... anapotea, anaanza upya, anapotea tena. Wewe unakufa kwa kicheko.

GUNVOR: Hakuweza kufika nne. Na alikuwa mwalimu wa hesabu, Mungu wangu! Asubuhi nikisikiliza, viazi vimeungua, hata sufuria nimeitupa nje.

TUVA: Nikiondoe? Nikipigia simu kampuni leo—

GUNVOR: Uondoe nini?

TUVA: Kicheko.

GUNVOR: Koma! Nimekwenda maktaba na mkongojo wangu, binti mmoja wa pale akaniwekea wimbo kwenye simu. Nimeusikiliza mara kumi na moja.

TUVA: [kwa sauti ya chini] Mara kumi na moja.

GUNVOR: Hizo nyingine tisa sijui. Majokofu matupu. ...Tuva, kwenye hiyo kaseti, baada ya kuhesabu, kuna kitu kingine?

TUVA: Kuna upande wa pili. Sijausikiliza.

GUNVOR: Mbona?

TUVA: Anaanza kwa kutaja jina lako. Nikazima.

GUNVOR: Jina langu.

TUVA: Mama?

GUNVOR: Usiitume kwa posta.

TUVA: Jumamosi napiga onyesho. Jumapili napanda treni, naileta mwenyewe. Redio ya kaseti bado unayo?

GUNVOR: Ninayo. Ila betri zimekufa. Nakwenda kununua sasa hivi, ngoja nivae viatu, duka litafungwa—

TUVA: Mama, ndiyo kwanza saa saba mchana.

GUNVOR: Kwaheri, Tuva, kwaheri!

[Simu inakatwa.]