Bartholomeo Nkwabi, Aliyekataa Kuukimbia Moshi wa Isaka (1934–1987)

Treni ilinishusha Isaka juzi asubuhi, mji nisiowahi kuukanyaga ingawa kaka yangu aliishi hapa miaka ishirini na minne. Nilimuuliza mchukuzi mmoja ilipo nyumba ya marehemu Nkwabi. Akafikiri kidogo. "Bwana Moshi? Si ungesema hivyo tangu mwanzo, mzee!" Akabeba mzigo wangu, akakataa malipo.

Marehemu Bartholomeo Nkwabi alizaliwa Kharumwa tarehe 9 Agosti 1934. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane. Siku alipopewa zamu ya kukagua kucha za wenzake, alianza na za mwalimu.

Alihitimu mafunzo ya bwana afya mwaka 1958, akapangiwa Geita. Huko, mtaa wa Kalangalala, alimpata Apolonia, wakafunga ndoa tarehe 2 Septemba 1961. Mwaka 1963 alihamishiwa Isaka, na mwaka huohuo akazaliwa binti yao Esta.

Mwaka 1967 kinu cha mafuta ya pamba cha hapa mjini kilianza kuchoma makaa ya mawe yaliyoletwa kwa mabehewa. Masizi yaliingia hadi kwenye vyungu. Esta akashikwa na pumu. Daktari akashauri wahame, na ofisi ikampa marehemu uhamisho. Aliukataa.

"Nikimtoa Esta, watoto wa jirani nitawapeleka wapi?"

"Basi uzime huo moshi, Baba Esta," mkewe alijibu, "na uuzime upesi."

Haikuwa upesi. Sheria ilimtaka ampe mwenye kinu taarifa siku saba kabla ya kukagua. Kila alipofika alikuta kuni kavu tanuruni na anga safi juu ya bomba. Kwa kuwa hakujua kuandika asichokiona, aliandika mara tatu: "Hakuna moshi." Wafanyakazi nao walimsihi: "Bwana Afya, kinu kikifungwa tutakula hiyo hewa yako safi?"

Ndipo akawaomba majirani waanike vitambaa vyeupe uani kila wiki, tarehe ikishonwa pembeni. Akafungua kesi. Tarehe 14 Juni 1971 mwenye kinu alizisoma mahakamani zile ripoti tatu, zenye sahihi ya marehemu mwenyewe. Watu wakacheka. Vitambaa, akasema mwenye kinu, vilipakwa masizi ya jikoni.

Akainuka Madhuben, mama mzazi wa mwenye kinu, mjane ambaye kwa desturi yao alivaa nyeupe tu. Alitandaza sari yake nyingine mbele ya hakimu, kijivu upindo hadi upindo.

"Hii nimefua Jumamosi. Jikoni siingii, mkwe wangu ndiye anapika. Soma na hii, mwanangu."

Hakimu aliamuru makaa yasiwashwe mpaka bomba lirefushwe na chujio la masizi lifungwe, na Bwana Afya akague siku yoyote bila barua. Wafanyakazi walewale ndio waliojenga, hakuna aliyefukuzwa. Tanuru lilipowashwa tena, Apolonia aliacha shuka nje wiki nzima kwa makusudi. Likabaki jeupe.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 1985. Hata kitandani aliwauliza wageni habari za bomba kabla hawajaketi. Alifariki nyumbani kwake tarehe 3 Machi 1987.

Ameacha mjane, Apolonia. Watoto wawili, Esta na Valerian. Dada yetu Eufrasia, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake. Aliyewaimbia sasa hivi, beti zote tano bila kukohoa, ndiye Esta.

Mungu akupokee, kaka. Wewe unakwenda, sisi tunabaki hapa Isaka, na pumzi tunayo.