Namba Aliyoishona Ndani ya Upindo

Ndugu waombolezaji, marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi tu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala alilosimamia baba yake. Kwao walizaliwa wawili. Wa pili ni mdogo wake, ndiye anayewasomea haya. Ameombwa asome kwa upole, na atajitahidi.

Alisoma shule ya msingi mpaka mwaka 1974, akaishia hapo kwa sababu baba aliugua. Akiwa na miaka kumi na moja alikata pazia la sebuleni akamshonea mdogo wake gauni. Mama alimchapa. Kisha akamgeuza-geuza yule mdogo, akalitazama gauni, akasema, “Haya, na hili pazia lililobaki linangoja nini hapo dirishani?” Alipomaliza shule akapelekwa kujifunza cherehani.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na makanika wa malori, mtu wa utani, aliyezoea kusema, “Mimi nilimposa mmoja, wakaja wawili, yeye na cherehani yake.” Walijaliwa watoto watatu. Mume alitangulia mwaka 2003.

Mwaka 2009 mradi mmoja wa maendeleo ulimwajiri afundishe ushonaji mabinti wasio na kazi. Mwezi Mei 2011 walihitimu ishirini na watatu, na ofisi ya mradi ikamwomba aandike orodha yenye majina, picha na namba za simu. Aliandika kwa ule mwandiko wake mzuri. Orodha hiyo ikaishia mikononi mwa wakala wa kazi za ng'ambo, na ripoti ya mradi ikajisifu kwamba wahitimu wamepata ajira. Kumi na wanne waliondoka. Fundi mwenyewe aliwasindikiza kwa vigelegele. Mmoja wao alikuwa binti pekee wa mdogo wake, mtoto aliyemwita Mama Mkubwa.

Walipofika huko walinyang'anywa hati za kusafiria na simu, wakafungiwa majumbani mwa watu, kazi usiku na mchana. Habari zilipomfikia, Fundi alikwenda ofisini akapigwa danadana miezi mitatu, mpaka ofisa akamwambia, “Lakini mama, si tulishafunga mradi?” Mdogo wake hakusema naye kwa miaka sita. Aliona ana haki, na leo hajui haki hiyo aipeleke wapi.

Wa kwanza kurudi, mwaka 2013, alikuja na kovu la maji ya moto mkononi. Alimwambia, “Fundi, namba yako ilikuwa kwenye simu. Kichwani sikuwa nayo.” Tangu siku ile, hakuna binti wa mtaa huu aliyesafiri kabla hajapita karakanani kwake. Fundi alifumua upindo wa sketi, akatarizi namba yake kwa ndani, akaufunga tena. “Watakupokonya kila kitu,” alisema, “ila sketi watakuachia. Hao hawana mpango wa kukuvisha.” Simu zikaanza kuingia. Kila ilipoita alijifunga kibwebwe, akaenda polisi, uhamiaji, ubalozini, akawaganda hadi wakamchoka. Mabinti thelathini na mmoja walirudi makwao, wakiwemo kumi na watatu wa kundi lile la kwanza, ambao wengi wao waliipata namba kwa wenzao waliowafuata huko.

Wa kumi na nne hajarudi. Upindo wake haukuwa na namba.

Mwaka 2017 Fundi aliingia jikoni kwa mdogo wake, akakaa bila kukaribishwa. “Nilimwandika kwa mkono wangu,” alisema. “Sina la kujitetea. Lakini namba sijabadilisha. Ni ile ile ya kwenye kibao cha karakana, na mtoto alipita pale kila siku.” Walilia wote wawili. Chai ilipoa mezani.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Wodini, muuguzi alitaka kuchomoa chaja ya simu ukutani. Fundi akamwambia, “Mwanangu, dripu chomoa ukitaka. Chaja niachie.” Alifariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi. Simu ilikuwa kifuani pake.

Ile ofisi ya mradi imeleta shada kubwa. Tumelipokea, liko pale nyuma.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu watano, mdogo mmoja, na binti mmoja wa huyo mdogo. Ndiyo, tumemhesabu. Hakuna aliyetuletea habari nyingine, na mpaka zije, yeye ni miongoni mwa walio hai.

Kiongozi wa ratiba amewaomba mzime simu, nasi tunawasihi mfanye hivyo. Iliyo mfukoni mwa mdogo wake haizimwi. Ikiita katikati ya sala, mtatuvumilia, atapokea.

Dada, umengoja vya kutosha. Lala kwa amani, simu ninayo mimi.