Nani Alichinja Kondoo?

Benchi letu liko nje ya duka la Ntate Phafoli, Mafeteng, Lesotho, kwenye ukuta unaopata jua mapema. Jumamosi asubuhi tunakaa wanne, tumejifunga mablanketi, birika la chai ya tangawizi katikati. Kuna Kamera, simu haimtoki mkononi. Redio hanyamazi. Spana ni fundi wa magari. Mimi wananiita Daftari, kwa sababu naandika habari za ukoo wetu: nani alizaliwa lini, nani alizikwa wapi. Siku hiyo dada yangu Keneuoe alipita ng'ambo ya barabara na Limpho, anayeishi naye. Walipolikaribia benchi wakaongeza mwendo, kama kawaida yao.

— Hao! Kamera akainua simu. Warembo, shikaneni mikono basi, tuone!

— Wakibusiana natoa baiskeli yangu, akasema Spana.

— Huna baiskeli.

— Nitanunua.

— Nyie hamjui kitu, akasema Redio. Wale wanapenda kutazamwa. Kwenye video zote, mwishoni anaitwa mwanamume.

— Anaitwa kufanya nini?

— Kusaidia!

— Basi wataniita mimi, akasema Kamera. Nina uzoefu.

— Uzoefu wa kuchaji simu.

Tukacheka. Nami nilicheka kidogo, sitaficha. Nyumbani kwao, begi la Keneuoe lilikuwa tayari mlangoni. Limpho alikuwa ameacha kwenda dukani peke yake tangu mwanamume mmoja alipomfuata hadi kizingitini akiomba "kutazama tu".

"Jumatatu tunahamia Bloemfontein," dada alikuwa ameniambia. "Wanaotutukana nimewazoea. Hawa wanaotusifu huku wanatupiga picha, siwawezi."

— Yule si ndiye motsoalle wake? Pale benchini Redio akalivuta neno hilo la Kisotho, rafiki wa moyo, kama anamung'unya peremende. Mo-tso-al-le!

Mwishoni mwa benchi mama mmoja wa milimani alikuwa akisubiri gari la Quthing, gunia miguuni. Akageuka, uso umechangamka.

— Wana usuhuba wa motsoalle? Hongera zao! Mama yangu naye alikuwa na wake. Karamu ilikuwa lini?

— Karamu gani, 'm'e?

— Ya kuwatambulisha kwa watu. Nani alichinja kondoo?

Spana akatazama viatu vyake. Kamera akaitazama simu, nayo ilikuwa imezimika. Redio akajimiminia chai.

— Kwani hawana ndugu? akauliza mama.

Kwenye daftari langu, ukurasa wa bibi, nimeandika kwa mkono wangu: *Motsoalle wake, 'Mamoliehi. Kondoo alichinjwa na babu.*

— Wanaye, nikasema. Ni mimi. Sijachinja bado.

— Daftari! Mbona hukuwahi kusema ni dada yako? akauliza Kamera.

— Nimesema leo.

— Basi usikawie, ntate, akasema mama.

Gari lake likafika. Nilimpandishia gunia, nikamshukuru, nikamuuliza jina. 'M'e Mathuso. Niliporudi, birika lilikuwa tupu.

— Kisu ninacho, akasema Spana.

— Mimi nitashika miguu ya kondoo, akasema Kamera.

— Kwa mikono yote miwili? akauliza Redio.

Kamera akaitia simu mfukoni.

— Yote miwili.

Kondoo tulimchinja Jumapili. 'M'e Mathuso si wa ukoo wetu, lakini nimemwandika ukurasa mmoja na Keneuoe na Limpho. Begi limerudi juu ya kabati.