Chuma Ndani ya Paja la Rangi

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu, kwa hiyo hata nisipotaka kusikia, nasikia. Asubuhi hiyo walikuwepo Spana, fundi pikipiki, na Jaji, ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku, ila alikuwa mlinzi wa mahakama mpaka akastaafu. Mama Birika alikuwa anamimina kahawa. Ndipo akatokea Rangi, fundi wetu wa kupaka nyumba, mara ya kwanza tangu aanguke na kuvunjika mfupa wa paja. Alikuja kwa magongo, anarukaruka kwa mguu wa kushoto, wa kulia kaukunja kama kuku aliyenyeshewa. Tukampisha akae.

— Pole sana, baba, akasema Mama Birika.

— Nimeshapoa, mama.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Jaji akatoa hukumu.

— Mkuu gani? Ngazi iliteleza tu, haikuniambia neno.

Spana hakuwa na muda wa salamu. Macho yake yalikuwa pajani.

— Eti kweli wamekutia chuma?

— Kweli. Fimbo ndefu, ndani ya mfupa wenyewe.

— Ndani! Wameupasua wote?

— Hata. Wametoboa huku juu, kwenye nyonga, wakaipitisha katikati mpaka karibu na goti. Halafu skrubu juu na chini, isizunguke.

— Kumbe mfupa una uwazi kama bomba! Na grisi je?

— Grisi ya nini?

— Chuma bila grisi kinashika kutu, kaka. Mimi ndiyo kazi yangu.

— Tena asikae nje mvua ikinyesha, Jaji akadakia. Radi inapenda chuma.

— Radi ipite bati, ipite suruali, imtafute Rangi? nikauliza.

— Mtafutaji hachoki.

— Mimi naogopa sumaku, akasema Spana. Akipita kwangu gereji, zile spika kubwa zitavuta paja kwanza, mwenyewe atafuata nyuma.

— Na mfupa ukiunga, mguu utarefuka, Jaji akazidi. Samaki mkunje angali mbichi.

— Urefuke halafu? Spana akauliza.

— Halafu atapaka dari bila ngazi!

Tukacheka, na Rangi mwenyewe akacheka mpaka akashika paja. Pembeni alikuwa amesimama dada mmoja, mteja aliyefuata viatu vyake. Hakucheka.

— Samahanini jamani, akasema. Daktari mwenyewe amesemaje?

Tukatazamana. Asubuhi nzima hakuna aliyekuwa amemuuliza.

— Amesema nikanyage, Rangi akajibu, sauti chini. Picha inaonyesha mfupa unaunga vizuri. Nikanyage kidogo kidogo, magongo yakinisaidia, goti lisikakamae.

— Sasa mbona hukanyagi? dada akauliza.

Spana akachungulia kikombe chake. Jaji akakohoa, methali haikuja. Mimi nikavuta uzi ambao haukuhitaji kuvutwa.

— Siku ile niliusikia ukikatika, Rangi akasema. Ulilia kama ubao mkavu. Kila nikitaka kuweka mguu chini nausikia tena. Mke wangu ananibembeleza, mtu wa mazoezi ananigombeza, mimi naitikia tu. Wakigeuka, naukunja.

Hakuna aliyemcheka. Mama Birika akaweka birika chini, akaja kusimama karibu naye, bila kumshika.

— Haya, baba. Tuko hapa.

Rangi akajiinua. Akapanga magongo mbele, akayakamata mpaka mishipa ya mikono ikatoka. Mguu wa kulia ukashuka taratibu: vidole, kisha kisigino. Akauegemea kidogo. Jasho likamchuruzika shingoni.

— Inauma? Spana akanong'ona.

— Inauma.

— Umesikia mlio?

Rangi akasikiliza, kichwa kakiinamisha.

— Sijasikia kitu, akasema. Ila leo ndiyo mara ya kwanza nawaona nyinyi mmenyamaza.

Akapeleka magongo mbele tena.