Maisha ya Mzee Melkiori Ndomba na Turubai Tulilolifungua

Mzee Melkiori Ndomba alizaliwa Peramiho, Songea, tarehe 6 Januari 1954, siku ya Mamajusi, ndiyo maana akaitwa Melkiori. Alisoma hukohuko mpaka darasa la saba, akamaliza mwaka 1968.

Mwaka 1973 alikuja Dar es Salaam, akapokelewa na mjomba wake Magomeni, akaanza kushona kwenye baraza moja Kariakoo. Suruali ya kwanza aliyoshona peke yake ilitoka mguu mmoja mrefu. Mwenye suruali alikuwa Kitwana, mbeba mizigo wa sokoni. Kitwana aliivaa hivyohivyo, akasema, "Fundi, huu mguu mrefu ndio utatangulia kufika." Wakawa ndugu toka siku hiyo.

Tarehe 12 Mei 1979 alifunga ndoa na bibi yetu Angelina. Mungu akawajalia watoto watatu.

Mwaka 2000 alichaguliwa diwani wa kata yetu ndogo ya Mnazi Pacha. Kitwana ndiye aliyempigia debe nyumba kwa nyumba. Babu alikaa vipindi vitano. Alinunua turubai na viti, na kila aliyefiwa, Mwislamu au Mkristo, aliazimwa bure mpaka matanga yaishe. Watu walimpendea hilo kuliko barabara.

Linalofuata mtaa mzima unalijua, na kuliruka mbele ya jeneza lake ni kuongeza aibu. Mwaka jana kura za maoni za chama zilikuwa ngumu, kijana Allan, aliyewania naye nafasi hiyo, alimbana sana babu. Wiki ya mwisho Kitwana akafariki. Turubai likafungwa kwake. Kesho yake mjumbe mmoja mwenye watu wengi nyuma yake akafiwa na mama mkwe. Baba mkubwa Athanas, aliyesimamia kampeni, akampigia babu simu: "Mzee, tukimkosa huyu mjumbe tumekwisha."

Babu akasema, "Chukueni la Kitwana. Kule ni kwetu, wataelewa."

Sisi wajukuu tulikwenda na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Wanawake walikuwa bado wamekaa, matanga hata hayajaisha. Tulipoanza kukusanya viti, jirani yao Bi Shamsa akatuuliza, "Mnasubiri tuinuke, au mnatubeba humohumo kama mizigo ya kampeni?" Tukaendelea kukusanya. Mjane, Bi Zulekha, akasema taratibu, "Waache, Shamsa. Chukueni wanangu. Mwambieni shemeji nimemsalimia." Tukalifungua turubai, jua likawapiga.

Babu alishindwa. Habari zilishawafikia wajumbe, na hata yule mjumbe aliyefiwa hakumpa kura.

Baadaye alikwenda kwa Bi Zulekha kuomba radhi. Alikaribishwa, akaletewa chai, akauliziwa magoti yake. Aliporudi alimwambia bibi, "Angelina, amenipokea vizuri mno. Nimeshindwa kusema." Akasema atarudi Jumapili. Jumapili hiyo hakwenda, wala zilizofuata.

Mwezi wa Novemba alipata kiharusi, ulimi ukawa mzito. Alikuwa akimwonyesha bibi kwa mkono upande wa kwa Kitwana, bibi anamwambia, "Najua, baba Athanas, najua." Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, bibi akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Angelina. Watoto Athanas, Sitara na Beno. Na wajukuu saba.

Bi Zulekha, shikamoo. Kama umefika, tunakushukuru, na kama hukufika, tumeelewa. Aliyeagiza ni babu, waliofungua kamba ni sisi. Neno alilolileta kwako akarudi nalo lilikuwa hili: nisamehe, shemeji. Tunakuomba umwachilie kabla hajafukiwa, na sisi utuache na aibu yetu. Mungu ampe Melkiori pumziko lenye amani, na wewe, ukiweza, itikia amina.